Wanaokuja Kuhesabiwa

Tafakari ya juma la nne la Majilio
Somo: Luka 2:1–14

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Rombo yamejaa, na anayekutana na Mchaga amebeba mizigo anamuuliza lile lile la kila Desemba: unakwenda kuhesabiwa, yaani kurudi nyumbani Kilimanjaro kwa Krismasi? Watu wakishaanza kufika majumbani, hurudi pia swali jingine katika vikundi vyetu vya sala. Huyu ndugu yetu asiyesali, aliyetuambia wazi kwamba haamini tena, anasherehekea nini? Krismasi inamhusu vipi?

Swali huulizwa kana kwamba ni la watu wote, ila mara nyingi aliyeuliza anamfikiria mtu mmoja. Ni kaka yake. Ni shemeji. Ni binti aliyekwenda kusoma mbali akarudi na maswali ambayo nyumbani hapakuwa na wa kuyajibu. Basi na tulijibu swali hilo tukijua linamgusa nani.

Luka anaanza na amri ya Kaisari Augusto, kwamba iandikwe orodha ya majina ya watu wote wa ulimwengu. Wakaenda wote kuandikwa, kila mtu mjini kwao. Yusufu na Mariamu walisafiri siku zile zile ambazo kila mtu alikuwa safarini, na wengi wa wasafiri hao hawakuwa wakienda kuabudu. Walikuwa wakitii dola. Luka hasemi kwamba karani yeyote aliuliza nani anaomba na nani haombi. Hata sensa ya nchi yetu haijamuuliza mtu dini yake tangu ile ya mwaka 1967. Mungu angeweza kuchagua usiku mwingine, Bethlehemu imetulia, wamebaki wacha Mungu peke yao. Alichagua wakati mji umejaa kila aina ya mtu, hata nafasi katika nyumba ya wageni ikakosekana.

Halafu sikilizeni malaika anasema na nani. Wachungaji, kazini, usiku. "Ninawaletea habari njema ya furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote." Mathayo naye anatuletea mamajusi, watu wa mashariki waliofuata nyota, wasio wa taifa la Israeli. Herode alipouliza Kristo azaliwa wapi, wakuu wa makuhani na waandishi walijibu bila kusita, maneno ya nabii wakayataja. Walijua mji. Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kama kilomita 9 tu, mwendo wa asubuhi moja. Mathayo haandiki kwamba hata mmoja wao alikwenda. Kila nikifika hapo nasoma taratibu, kwa maana sisi tunaozijua aya ndio tunaofanana nao.

Wapo waumini waliojaribu kuilinda Krismasi isichafuliwe. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, chini ya Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, liliifuta sikukuu hii. Mwaka 1659 koloni la Massachusetts, huko Amerika, likaweka faini ya shilingi 5 kwa atakayeonekana akiiadhimisha, iwe kwa kuacha kazi au kwa kufanya karamu, na sheria hiyo ikadumu hadi 1681. Wale walikuwa wacha Mungu kweli, siwadharau. Waliuchukia ulevi na kamari zilizojificha nyuma ya jina la Kristo, na walikuwa sahihi kwamba Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwake. Lakini baada ya kumzuia mlevi, hata mama aliyetaka kupumzika siku hiyo amshukuru Mungu kwa Mwokozi alihesabiwa mkosaji. Naogopa sana njia hiyo.

Turudi mlimani kwetu. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na miongoni mwa mambo tunayoyafanya Desemba yapo yaliyokuwako kabla yao. Jani la isale ni mojawapo. Mtu aliyekosana na ndugu yake humpelekea isale kuomba msamaha, na kwa desturi aliyeletewa hapaswi kukataa. Tuseme yule kaka asiyeamini ndiye anayelibeba jani, anakwenda kwa baba yake mdogo ambaye hawajasemezana kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Jioni wanakula ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, pamoja. Je, nimwambie haimhusu? Malaika waliimba, "duniani iwe amani." Amani ile aliyoileta mimi naipokea kwa mikono miwili na kumshukuru Mungu, hata kama yeye hamtaji.

Sisemi kwamba hakuna tofauti. Habari yenyewe ni hii: "Leo katika mji wa Daudi amezaliwa, kwa ajili yenu, Mwokozi, ndiye Kristo Bwana." Mtu anaweza kula nasi, kucheka nasi, kulala kwetu hadi mwaka mpya, na habari hiyo isimwingie. Hilo linaniuma, natamani sana imfikie. Ila sitamgeuza muumini kwa maneno yangu, niseme "moyoni anaamini, hajijui tu." Yeye ametuambia ukweli wake. Tumheshimu kwa kuuamini.

Kuna jambo nawasihi, hasa wazee na wazazi. Tuache kuifanya sala ya chakula kuwa mahali pa kumsema mtu. "Bwana, uwakumbuke wale waliokuacha wakafuata dunia," na meza nzima inajua ni nani, naye amekaa pale na sahani yake. Maneno hayo yamesemwa kwake, Mungu ametajwa tu. Mwombee chumbani, kwa jina, hata kwa machozi. Mezani mshukuru Mungu aliyemfikisha salama. Watoto wasifundishwe kumwita mjomba mpagani. Tarehe 25 asubuhi mwulize mara moja, kwa upole, kama atapenda kufuatana nanyi ibadani. Akisema hapana, iwe hapana. Mara nyingi ndiye anayebaki na moto na nyama ili sisi wengine tuwahi, na mkirudi mwambieni asante. Usiku akianzisha mwenyewe mazungumzo ya imani, kaeni naye. Mweleze Kristo amekutendea nini wewe, na usipojua jibu, mwambie hujui.

Tuombe.

Baba, walio njiani usiku huu, Chalinze, Korogwe, Same, wafikishe wote, wanaokujua na wasiokujua. Waendesha mabasi wape macho. Ndugu yetu atakapobisha hodi, tupe furaha ya kweli ya kumwona. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.