Kuanzia kwa Mgonjwa: Ninavyofundisha Anatomia ya Ubongo

Nilipoanza kufundisha hapa Moshi, nilifungua somo la ubongo kwa majina, na wanafunzi waliyakariri hadi siku ya mtihani tu. Sasa naanza na mgonjwa. Mkulima wa migomba wa Kibosho, mwenye shinikizo la juu la damu, ameamka uso, mkono na mguu wa kulia vikiwa vimelegea, ilhali anazungumza vizuri na anahisi akiguswa. Dhara liko wapi?

Iwapo gamba la ubongo (tabaka lake la nje) la kushoto lingeathirika kwa upana wa kulegeza upande mzima, tungetarajia lugha nayo ivurugike; hivyo wanafunzi hulazimika kushuka hadi kapsula ya ndani, njia nyembamba ya nyuzi za neva iliyo ndani kabisa ya ubongo, ambako nyuzi za mwendo zimesongamana kiasi kwamba kidonda kidogo sana kinatosha kuleta ulegevu huo, na ambako bado hazijavuka upande wa pili, kwani nyingi huvuka chini, kwenye medula, sehemu ya chini ya shina la ubongo.

Ndipo naonyesha picha ya CT, yaani picha ya eksirei inayoonyesha ubongo kipande kwa kipande. Hapa sina haraka, kwa sababu kosa moja hujirudia kila mwaka: wanafunzi husahau kwamba kushoto mwa picha ni kulia kwa mgonjwa, kana kwamba tunamtazama kutoka miguuni. Nasisitiza pia kwamba katika saa za mwanzo za kiharusi picha hiyo huweza kuonekana ya kawaida, kwa hiyo mashine haichukui nafasi ya uchunguzi wa kitandani. Mwishoni tunakata ubongo uliohifadhiwa kwa fomalini, katika kimo kilekile cha picha, na kila mwanafunzi huigusa kapsula kwa kidole chake.