Basi labda si chenu

Leo Alhamisi na neno lile bado halijanitoka. Nimefua, nimepika, nimekwenda kazini siku zote nne, mdogo wangu amejifungua mtoto wa kiume pale hospitali ya Bombo, hapa Tanga, salama salimini, mwenye nyumba ametangaza kodi mpya, na katikati ya hayo yote nikisimama tu kidogo naisikia sauti ya babu wa mkokoteni, anayezoa taka mtaani kwetu: "Basi labda si chenu."

Jumamosi tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Mnajua tangu Bibi aambiwe kliniki kwamba sukari imepanda, nyumba nzima tumeingia kwenye mazoezi. Yeye anatembea, dakika 30, siku 5 kwa wiki, hazipungui. Sisi wengine Jumamosi ni mchakamchaka: tunatoka Ngamiani, tunavuka reli, tunakatiza mjini, tunaishika njia ya Bombo mpaka Raskazone, tunanyoosha viungo tukipigwa na upepo wa bahari, tunarudi tumelowa. Baba Idrisa mbele, Zuhura nyuma yake, mimi na Idrisa mwisho.

Hatukufika hata relini. Babu alikuwa kasimamisha mkokoteni kwenye kona yetu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje na watoto?"

"Tumeamka salama. Pole na kazi."

"Nishapoa. Hebu ngoja kidogo, mwanangu." Akanyoosha mkono wa kushoto. Kiganja kimefungwa kipande cha khanga kuukuu, damu imekauka nyeusi. "Jana hii. Kioo. Kilikuwa ndani ya kiroba chenye fundo la katani. Nikasema nikuulize."

Nami nikajibu upesi, hata pumzi sijaishusha: "Labda si chetu, babu."

Akanitazama. Hakukunja uso. "Haya mwanangu. Basi labda si chenu." Akainama, akashika mikono ya mkokoteni, akaondoka.

Nimeyarudia maneno hayo mpaka yamechakaa. Alimaanisha kiroba, au kile kioo? Alisema "basi" kama mtu aliyekubali, au kama mtu anayemfunika mwenzake nguo asiaibike? Kila nikilirudia naona ni hilo la pili. Alikuwa anajua. Alisimama pale kunipa nafasi ya kusema "pole babu, ni changu", neno la sekunde moja, nami nikaikataa nafasi nikakimbia.

Maana kiroba kilikuwa changu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, barabara yetu nzima taka inatoka kwenye viroba vya unga na vya mchele, vyote vinafanana, usingejua cha nani ni kipi. Isipokuwa chetu. Bibi ujana wake wote ameumaliza kwenye mashamba ya mkonge, na mpaka leo hafungi kitu kwa kamba ya dukani. Anachukua singa za katani, anazisokota pajani, anafunga kile kifundo chake cha kuzungusha mara mbili na kurudisha ncha ndani. Aliwahi kujaribu kunifundisha, nikashindwa. Hakuna mwingine mtaani anayekifunga.

Jumatano ya wiki ile Idrisa aliangusha bilauri usiku. Nilizoa vipande kwa gazeti, nikavimwaga kwenye kiroba juu ya machicha ya nazi na matumbo ya samaki, nikampa Bibi afunge. Nilikuwa nimechoka. Sikufikiria kwamba kuna mkono utaingia mle. Na mkono unaingia kila siku, kwa sababu babu hatupi tu. Anafungua kila kiroba, chupa za maji anaziweka upande, makopo na chuma chakavu upande, vinauzwa kwa kilo, na hicho ndicho kinachomwongezea riziki. Kioo kilichovunjika hakuna anayemnunulia. Kinamkata tu.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mimi ndiye msemaji wa usafi barabara hii. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikifika, siku ya usafi, mimi ndiye wa kwanza mtaroni na jembe. Nimewasema watu mbele za watu kwa kumwaga maji machafu njiani.

Na Idrisa alikuwepo. Ana miaka 9, bilauri aliiangusha yeye, kusikia anasikia. Njia nzima hakusema kitu. Tulipofika Raskazone, wenziwe wanarushiana mchanga, akaja akakaa karibu yangu.

"Mama, fundo la Bibi kuna mtu mwingine analijua?"

Nikamwambia anyooshe mguu, asije akakazwa na misuli. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mwanangu.

Jumapili sikutaka kwenda kwenye bonanza la mitaa. Zuhura ndiye aliyenivuta, alikuwa anacheza netiboli. Nikaenda nimenuna, nikakaa kivulini na Bibi. Mchana ikafika zamu ya kuvuta kamba, kina mama wa barabara yetu na wa barabara ya jirani. Raundi ya kwanza tukaburutwa kama mkeka. Mara namwona Bibi kasimama, miaka 71, kajifunga khanga kiunoni, anatembea kuelekea katikati ya uwanja.

"Nyie mnavuta kwa mikono! Mikono inachoka. Kaeni chini kama mnakalia mbuzi ya nazi, kisigino ardhini, muvute kwa mapaja! Na msivute ovyo, vuteni ninapoita."

Akaita. Wallahi aliita kama yuko shambani, sauti ambayo sijaisikia tangu baba yangu awe hai. Kamba ikaanza kuja. Inakuja taratibu, taratibu, na sisi tumekaa hewani, jasho machoni, na wale wenzetu viatu vinachora mistari mchangani. Tukashinda ya pili. Tukashinda ya tatu. Tulimbeba Bibi juu juu, anapiga kelele tumshushe, anacheka mpaka kilemba kimeanguka. Nilicheka nikalia. Nimemuuguza miezi mingapi, nikamhesabia vidonge na vijiko vya ugali, nikasahau kwamba mwili ule umewahi kuwa na nguvu kuliko wangu.

Jumanne mkokoteni ukapita, lakini aliyeuvuta ni kijana. Nikatoka nusu nakimbia, unga mikononi.

"Babu yuko wapi?"

"Nyumbani, mama. Mkono umevimba kidogo."

"Amechomwa sindano ya pepopunda? Kidonda cha taka hakifungwi khanga tu."

"Kachomwa jana zahanati. Wamemsafisha, wamempa na dawa. Wamesema apumzike."

Nikamwambia: "Mwambie kile kiroba kilikuwa changu. Mwambie mama Idrisa kasema, kilikuwa changu." Nikampa hela ya nauli na ya dawa, na jozi ya glavu nene nilizonunua duka la vifaa vya ujenzi. Kijana akazipima mkononi, akasema asante, atamfikishia. Lakini nilitaka kulisema mwenyewe, mbele yake, Idrisa akiwa pembeni. Hela imetangulia neno, na hilo silipendi.

Usiku ule nilimwita Idrisa nikamwambia: fundo lile hakuna mwingine analijua. Akasema, "Najua, mama." Akaenda zake kulala. Asubuhi nimekuta kopo la maziwa ya unga liko chini ya karo, limeandikwa KIOO kwa kalamu ya Zuhura. Baba Idrisa naye amechimba shimo nyuma ya bafu la uani. Machicha, maganda ya ndizi na ya mihogo yanaingia humo, tunafukia udongo kila siku, yaoze yawe mboji kwa ajili ya mchicha wa Bibi. Kiroba kimepungua zaidi ya nusu. Harufu nayo imepungua.

Leo asubuhi kijana yule yule kapita tena. Babu bado. Kasema uvimbe umeshuka, labda Jumamosi. Jumamosi sitatoka kukimbia mpaka mkokoteni upite.

Ila nikiandika hapa upepo umeanza kuvuma kwa nguvu, na ule mnazi wa uani umelalia upande wa chumba wanacholala watoto. Mkwezi niliyemwita juzi aliutazama tu, akatikisa kichwa, akasema hapandi. Usiku huu nawahamishia sebuleni.