Tukimtazama: "ki" ya Waebrania na Boya la Baharini

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kuna silabi moja imenikalia moyoni na haitaki kuondoka: ile "ki" ya Waebrania 12. Tupige mbio kwa saburi, tukimtazama Yesu. Si "tulimtazama" siku ya kuokoka, wala si "tutamtazama" tukifika. Tukimtazama, huku miguu inakwenda. Nadhani mwogeleaji wa triathloni anaielewa "ki" hiyo kuliko wengi wetu tunaokalia viti vya plastiki kila Jumapili. Na kwa kuwa vijana wetu kadhaa wanafanya mazoezi Nyali, hapa Mombasa, wakijiandaa kwa mashindano ya jiji kubwa, tuanzie majini.

Triathloni ya kiwango cha Olimpiki ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40, kisha mbio kilomita 10. Ni mfululizo; saa haisimami hata unapovaa viatu. Kwenye miji mikubwa washiriki ni maelfu, wengi wao watu wa kawaida, makarani na walimu waliokuwa wakiamka alfajiri kwa miezi. Chicago wanaingia Ziwa Michigan, Hamburg wanaogelea Alster katikati ya mji. Hawaachiliwi wote kwa pamoja. Hutoka kundi baada ya kundi.

Sasa, kidimbwi cha hoteli kina mstari mweusi sakafuni. Bahari haina. Kila mtu ana mkono mmoja wenye nguvu kuliko wa pili, na anayevuta pumzi upande mmoja tu hupinda bila kujua. Ukipinda digrii 10, kila mita 100 umetoka kando mita 17. Na mwili haukwambii! Unajiona umenyooka kabisa, mikono inakwenda vizuri, kumbe unaelekea Mtwapa na boya la kuonyesha njia liko Nyali.

Dawa yake ni hii: kila mikono 6 hadi 8, inua macho. Macho, si kichwa. Miwani itokeze juu ya maji kama macho ya mamba, uone, kisha geuza uso pembeni uvute pumzi, urudi. Kichwa kizima kikitoka, kiuno na miguu vinazama, na kuanzia hapo unaburuta mwili kama nanga. Boya lenyewe ni dogo, wimbi la kawaida tu hulificha, kwa hiyo kabla hujaingia chagua kitu kirefu kilicho nyuma yake: ghorofa, mnara, mnazi uliosimama peke yake. Kwetu asubuhi jua hutoka baharini. Ukielekea mwambani huoni ila mng'ao, basi vaa miwani ya kioo cheusi. Siku za bamvua, yaani za maji kujaa na kupwa sana, maji yakitoka hukuvuta kwenye mlango wa mwamba, na usipotazama utajikuta huko.

Kuna jambo lingine, na hapa mnisamehe nikiwagusa. Majini, kufuata miguu ya mwenzako kunaruhusiwa. Ukikaa karibu na nyayo zake, povu lake likikugusa vidole, unaokoa nguvu nyingi, maana yeye ndiye anayekata maji. Wazoefu hufanya hivyo makusudi. Lakini wapo wanaoacha kabisa kutazama. Kazi hiyo wamemwachia aliye mbele, naye amemwachia wa mbele yake, na kundi zima linapinda pamoja, kwa bidii, kwa mdundo mzuri, mpaka mwokoaji wa kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kasia, awafukuzie kuwarudisha. Wapendwa, ni wangapi tunaogelea hivyo? Mtumishi kasema. Kwenye WhatsApp wametuma. Biblia yenyewe haijafunguliwa tangu Jumapili. Mshukuru Mungu kwa miguu iliyo mbele yako, tena ifuate, lakini hakuna wa kukutazamia boya.

Wala haichukui muda. Majini kutazama ni chini ya sekunde moja. Uko kwenye foleni ya feri Likoni, jua linachoma, mtu kakukanyaga: tazama. Mama, unapima nyanya Kongowea na kidole kinataka kulalia mizani: tazama. Umeletewa ujumbe wa usiku usiofaa kujibiwa: tazama. Mstari mmoja wa Zaburi, "Bwana, unirehemu", umerudi kazini. Anayengoja kongamano la Desemba ndipo ainue macho, atakuta ufuko mwingine kabisa. Na yule anayetoa kichwa kizima, kesha tatu kwa wiki na madaftari ya watoto nyumbani hayajafunguliwa, huyo naye miguu inazama. Najua sitapendwa kwa hilo.

(Petro na mawimbi tumwache leo, amehubiriwa vya kutosha.)

Baiskeli na mbio nazipita haraka. Helmeti ifungwe kidevuni kabla hujagusa baiskeli, la sivyo utaadhibiwa. Huko barabarani, kwa washiriki wa kawaida, kujificha nyuma ya mtu kwa kawaida ni marufuku. Acha mita 10. Ukishuka, miguu itakuwa kama ya kuazima kwa dakika kadhaa. Fupisha hatua, itarudi.

Wamebaki wenye hofu. Hofu yenu ina msingi: vifo vingi vya mchezo huu hutokea majini, si barabarani. Pumzi ikikubana, au teke la mtu likikung'oa miwani, usipigane na maji. Lala chali, toa pumzi taratibu. Boya likiwa karibu, lishike. Inua mkono, kayaki itakuja, na kuishika hakukutoi mashindanoni mradi isikusogeze mbele. Wengi hawaijui kanuni hiyo, na wanaoijua huona haya kuinua mkono mbele za watu.

Tena wapo ndugu na dada kati yetu ambao wamenyamaza tangu mwezi jana. Tunawaona ibadani, wanapiga mikono tu. Ndugu yangu, inua mkono. Shika kayaki, vuta pumzi hata dakika tano, hakuna anayekufukuza. Ukiwa tayari, achia. Chipu ya kupimia muda wako ingali imefungwa kwenye kifundo cha mguu wako.