Rozela ilivyogeuka wino

Juzi zahanati, muuguzi alimtoboa kidole huyu mwanangu mdogo, akadondosha damu kwenye kipimo cha malaria, tukaambiwa tusubiri dakika 20. Ukatokea mstari mmoja. Hana malaria, alhamdulillahi. Mwenyewe wala hakujali majibu.

"Mama, mbona mstari mwekundu? Damu yangu hiyo?"

Nikamwambia ni dhahabu, chembe ndogo mno ambazo zikiwa majini huonekana nyekundu. Akacheka. Nami nikawa sipo tena kwenye benchi lile. Nilikuwa maabara, ghorofa ya pili, natengeneza chembe kama hizo, siku ile iliyoharibiwa na bafa, mmumunyo wa kutuliza uasidi.

Asubuhi yote mambo yalikwenda sawa, na hilo peke yake lingenitia shaka kama ningekuwa na akili. Flaski nilikuwa nimeiosha usiku wake kwa asidi, haidrokloriki sehemu 3 na nitriki sehemu 1, ndani ya kabati la kufyonza moshi, kisha nikaisuuza kwa maji yaliyokenekwa mpaka mkono ukachoka. Kioo kikibaki na uchafu kidogo tu, dhahabu hugandia pale na kazi imekwisha. Chumvi ya dhahabu nilichota kwa kijiko cha plastiki, maana cha chuma huing'ang'ania dhahabu kabla haijafika kwenye maji. Mililita 20 za mmumunyo wa milimola 1 kwa lita zikakaa juu ya jiko la maabara, sumaku ikikoroga. Zilipochemka sawasawa nikatia mililita 2 za sitrati ya sodiamu ya asilimia 1, zote kwa mpigo.

Hapa sipiti haraka. Umanjano unafifia, maji yanabaki maangavu kana kwamba hukuweka kitu. Unaanza kujilaumu. Halafu kinaingia kijivu chenye ubuluu, kama maji ya kusuuzia brashi ya rangi, kinakolea karibu na weusi, kinapita zambarau, mara hiyo rozela! Rozela ile ya futari, kwenye jagi la kioo, taa ikiwa nyuma yake. Chembe za nanometa 13 hivi, na nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Nilipozipima, kilele cha ufyonzaji wa mwanga kilikaa karibu na nanometa 520, pale pale panapotakiwa.

Iliyobaki ilikuwa kuzivika kingamwili, protini zinazonasa kile kipimo kinachotafuta. Dokta aliyekuwa akinisimamia akasema, "Izimue kidogo kwanza," akatoka. Hakusema izimuliwe kwa kitu gani, nami sikuuliza. Nilikuwa nimetoka benchi la seli, ambako kila kitu husuuzwa kwa bafa ya fosfeti yenye chumvi, kama gramu 8 kwa lita. Chupa yake ndiyo iliyokuwa karibu na mkono.

Nikamimina mililita 10. Rangi ikageuka kuanzia pale bafa ilipoangukia, ikatanda kama wingu: zambarau, kisha buluu ya wino. Sekunde chache tu. Mzee wetu fundi wa maabara alikuwa anapita na trei, akachungulia.

"Umetia chumvi, mwanangu."

Akaenda zake.

Sitrati huipa kila chembe chaji hasi, ndiyo maana zinasukumana na kuelea mbalimbali. Chumvi huziba msukumano huo, chembe zinakumbatiana, na zikikumbatiana hufyonza mwanga wa mawimbi marefu zaidi, sisi tunaona buluu. Nikaongeza maji, nikidhani nitairudisha. Hairudi. Jioni chini ya flaski palikuwa na masizi meusi, juu maji maangavu. Njia yenyewe ni kurekebisha pH, yaani kiwango cha uasidi, kwa kabonati ya potasiamu, kutia kingamwili isiyo na chumvi nyingi, ndipo umwagie sampuli ndogo chumvi ya asilimia 10 makusudi. Ikibaki nyekundu, ziba nafasi zilizobaki kwa protini ya albumini, uendelee.

Kilichoniuma si zile miligramu 4 za dhahabu. Ni kwamba chumvi iliyoniharibia inakaribiana na ya damu. Chembe zangu nzuri vile huenda zisingevuka hata mshipa mmoja. Za kubebea dawa mara nyingi huvikwa koti la polietilini glaikoli, polima inayopenda maji, kama Doxil, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995. Tangu siku ile nikisoma kwamba chembe fulani zimebeba dawa vizuri, nauliza kwanza: ndani ya maji, au ndani ya damu? Pengine ni busara. Pengine bado nina kinyongo na chupa ya bafa.

Muuguzi alikuwa ameshakitupa kipimo kwenye ndoo.

"Mama," akasema huku akigeuka nyuma, "na wao wanajua ni dhahabu?"