Mafuta ya kukaangia kwenye injini ya dizeli: chuja yakiwa baridi

Mafuta ya kukaangia yaliyotumika, ukiyapasha hadi nyuzi 60, hupita kwenye mfuko wa chujio kama maji. Ndiyo maana karibu kila anayeanza huyachuja yakiwa ya moto. Pipa linajaa kabla ya saa sita mchana, mafuta yana rangi ya asali, mwanga unapenya, kazi inaonekana imeisha. Wiki mbili baadaye chujio la dizeli la gari limeziba na gari linakosa nguvu mlimani. Mfuko haukutoboka wala haukufungwa vibaya. Vilivyopita ni vitu ambavyo kwa joto lile havikuwa uchafu bado: maji yaliyoyeyuka ndani ya mafuta, na shahamu iliyokuwa kimiminika. Yakipoa kwenye tangi, maji hujitenga na kutulia chini, na shahamu huganda ikawa kama uji mzito. Hata chujio la maikroni 1 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) lisingezuia kimojawapo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kusubiri. Pipa na muda ndivyo vinavyosafisha mafuta. Mfuko unamalizia tu.

Kwanza injini, kwa kifupi. Hapa tunazungumzia dizeli peke yake. Injini ya petroli haihusiki kabisa. Zinazovumilia mafuta haya ni injini za zamani zenye pampu ya kimakanika, hasa zile zinazochomea dizeli kwenye chemba ndogo kabla ya silinda. Injini za kisasa zinazoendeshwa na kompyuta na kusukuma dizeli kwa presha ya zaidi ya baa 1,000 ziache zilivyo. Nozeli zake, yaani vitundu vinavyonyunyizia dizeli, hazina nafasi ya kusamehe, na ukiharibu seti moja umekula faida ya miaka. Tusichanganye pia mambo: mafuta yaliyochujwa si biodizeli. Biodizeli hutengenezwa kwa kuyachanganya mafuta na methanoli na kichocheo ili yabadilike kikemia na kuwa mepesi. Sisi hatubadilishi chochote. Kwa nyuzi 40 mafuta ya mimea yana mnato, yaani uzito wa kutiririka, wa karibu mara kumi ya ule wa dizeli, na tatizo hilo linatatuliwa ndani ya gari kwa joto, si nyumbani kwa chujio.

Ubora unaanzia kwenye kuchagua. Mafuta mabaya hayageuki kuwa mazuri hata uyachuje mara ngapi. Jaza chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iache usiku kucha mahali pa baridi kuliko pote ambapo gari litalala, kisha itazame asubuhi. Ikiwa nusu ya chupa imeganda nyeupe, hayo ni mafuta ya mawese, ya nazi, ya wanyama, au yaliyogandishwa kiwandani. Yanafaa kutengenezea sabuni. Yakibaki mepesi na tope kidogo chini, endelea. Mafuta yenye rangi ya kahawa ya maziwa yameshikana na maji, na mara nyingi kuna sabuni ya kuoshea vyombo ndani yake. Yakatae. Kuitenganisha sabuni na mafuta ni kazi ya kuudhi kuliko faida yake.

Kipimo cha pili ni cha asidi. Mafuta yakikaangiwa mara nyingi huvunjika na kuacha asidi huru, ambazo hula vyuma vya pampu na kuharakisha mafuta kugeuka gundi. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda kwenye lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Weka mililita 10 za pombe ya isopropili kwenye glasi ndogo, tia unga kidogo wa binzari ya manjano, kisha dondosha maji ya kostiki tone moja moja mpaka rangi ianze kugeuka, ili asidi ya pombe yenyewe isiingie kwenye hesabu. Sasa ongeza mililita 1 kamili ya mafuta unayopima, tikisa, na anza kudondosha tena kwa bomba la sindano huku ukihesabu. Manjano yakigeuka mekundu na wekundu ukadumu sekunde 15 hadi 30, soma umetumia mililita ngapi. Kila mililita ni takriban asilimia 0.75 ya asidi huru. Kiwango cha Ujerumani cha mafuta ya mbegu za rapa yanayotumika kama nishati, DIN 51605, kikigeuzwa kwa kipimo hiki, kinaangukia karibu mililita 1.3. Mafuta ya jikoni ni machache yanayofika hapo. Kwangu, chini ya 3 yanapokelewa, na yaliyozidi 5 yanarudishwa yalikotoka. Kostiki inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo glavu na miwani si hiari.

Sasa mapipa. Mimina mafuta kupitia chekecheo la chuma la tundu za milimita 1 kutoa makombo, yaende kwenye pipa la lita 200 lenye koki mbili: moja chini kabisa ya kutolea uchafu, nyingine sentimita 15 juu yake ya kutolea mafuta. Kitako cha koni ni bora kuliko kitako bapa, kwa sababu tope hujikusanya kwenye ncha badala ya kutandaa. Pasha mara moja hadi nyuzi 60, zima, funika bila kukaza, halafu usiliguse. Joto hilo linafungua mchanganyiko wa mafuta na maji, na mafuta yakiwa mepesi matone hushuka haraka. Lakini hita ikiendelea kuwaka, mafuta huzunguka ndani ya pipa na kubeba tope juu tena. Pasha, zima, subiri. Wiki moja ndiyo ya chini kabisa. Mbili ni nzuri, na mwezi hauna hasara kama una mapipa ya kutosha.

Hesabu ya umeme ni rahisi. Lita 200 ni karibu kilo 184, na kuzipandisha joto kwa nyuzi 40 kunahitaji takriban uniti 4 za umeme. Hita ya kilowati 2 inamaliza kwa saa mbili na kitu, ukihesabu na joto linalopotea. Usichukue hita kubwa zaidi. Mafuta hayapokei joto haraka kama maji, kwa hiyo yanayogusa hita huungua na kuifunika kwa ukoko mweusi, na ukoko ukizidi hita inakatika. Isiwashwe kabla haijazama yote, na iwe na themostati, kifaa kinachoizima joto likitosha. Moto wa kuni au jiko la gesi chini ya pipa hapana. Maji yaliyolala chini yakifika kuchemka hugeuka mvuke ghafla, na mvuke huchukua nafasi ya mara 1,700 hivi ya maji yenyewe. Pipa linarusha mafuta ya moto nje, na hapo moto upo unayasubiri. Yakiwaka, usimwagie maji. Funika, zima chanzo cha joto, na kama huna kizimamoto cha kufaa, ondoka.

Siku ya kufungua koki ya chini, weka ndoo na utazame kinachotoka, maana mpangilio wake ndio ripoti ya pipa. Kwanza maji ya kahawia yenye harufu ya uchachu. Maji haya yana chumvi ya chakula, ndiyo maana yanatoboa tangi la chuma haraka kuliko maji ya mvua. Kisha tabaka la kijivu, zito, linaloteleza kama mtindi: huo ni mchanganyiko wa maji, unga na mafuta. Halafu mafuta yenye ukungu, na mwisho mafuta safi. Makosa ni kufunga koki pale tu mafuta safi yanapotokea. Acha litoke lita moja au mbili zaidi, kwa sababu tope lililokaa pembeni linateleza polepole na kufika baada ya hapo. Ulichopoteza unakirudisha kwenye pipa la mzunguko unaofuata. Tope lenyewe lisiende kwenye sinki wala mtaroni. Huganda ndani ya bomba na kuliziba.

Baada ya hapo ndipo mifuko. Vuta kutoka koki ya juu, mafuta yakiwa na baridi ya mahali yalipo. Mfuko wa maikroni 100, kisha 25, kisha 5. Anayetaka kwenda hadi 1 aende, ila usiruke hatua, kwa sababu mfuko mwembamba ukipewa makombo unaziba kwa dakika kumi. Soma pia maandishi kwenye mfuko. Namba kwenye mifuko ya bei nafuu kwa kawaida ni ya makadirio: "maikroni 5" inazuia chembe nyingi za ukubwa huo, si zote. Mguu wa suruali ya jinzi ulioshonwa mwisho unafaa kwa hatua ya kwanza, lakini jinzi hutoa nyuzi, kwa hiyo isiwe ya mwisho.

Acha mafuta yashuke kwa uzito wake. Mfuko wa mwisho unaweza kuchukua usiku mzima kwa ndoo chache, na hakuna ubaya. Ukiukamua kwa mikono au ukisukuma kwa pampu, shahamu laini inapenyezwa kwenye kitambaa na kutokea upande wa pili. Pampu ya gia ikitangulia mbele ya chujio inafanya vibaya zaidi: inasaga chembe kuwa ndogo na kuyapiga matone ya maji mpaka yashikane upya na mafuta. Kama ni lazima uwe na pampu, iwe baada ya mifuko. Mfuko ukiziba kwa utando mweupe, usiusikitikie. Utando huo ndio ungekuwa kwenye chujio la gari.

Halafu kipimo ambacho hakirukwi: kikaango. Pasha kikaango kikavu cha chuma hadi nyuzi 150 hivi, dondoshea nusu kijiko cha mafuta, na usikilize kabla ya kutazama. Yakipasuka-pasuka, yana maji mengi, rudisha pipani. Yasipolia lakini yakatoa vipovu vidogo vidogo mfululizo, bado. Yakitulia kimya, yamefaulu. Jicho linahitaji cha kulinganisha, kwa hiyo kwanza dondosha mafuta mapya ya dukani kwenye kikaango hichohicho. Moshi maana yake kikaango kimezidi joto na kipimo hakisemi kitu. DIN 51605 inaruhusu maji asilimia 0.075 tu, yaani gramu 0.75 kwa kila kilo. Hicho si hata kijiko cha chai kwenye lita tano.

Yakishindwa kipimo, yapashe hadi nyuzi 60 kwenye pipa lililo wazi, yazungushe kwa pampu yanyunyizwe juu kama bafuni, na feni ipeperushe hewa juu ya pipa kwa saa mbili hadi nne. Siku ya hewa kavu kazi inakwenda. Siku ya unyevunyevu unapoteza umeme. Kupuliza hewa ndani ya mafuta kunakausha pia, lakini oksijeni inayazeesha, na mafuta yaliyozeeka ndiyo yanayogeuka gundi. Yakikauka, yapoe, yapite tena kwenye mfuko wa 5.

Kuhusu vifaa, epuka shaba, shaba nyeupe, na mabati yenye zinki mahali popote mafuta yanapokaa muda mrefu. Shaba hasa ni kichocheo: mafuta yanayoigusa huota utando unaonata kama vanishi. Plastiki ngumu ya madumu, chuma cha pua na chuma cheusi kilicho safi vinafaa. Hifadhi vyombo vikiwa vimejaa, vimefungwa, gizani. Ya alizeti na soya huota gundi mapema kuliko ya mizeituni, kwa hiyo yatumie kwanza.

Ndani ya gari, mfumo wa tangi mbili, moja la dizeli na moja la mafuta haya, ndio ninaouamini. Unawasha kwa dizeli, unasubiri maji ya rejeta yapashe mafuta hadi nyuzi 70 au zaidi, ndipo unageuza swichi. Kabla ya kuzima unarudi kwenye dizeli kwa muda wa kutosha kusafisha pampu na nozeli, usije ukawasha kesho asubuhi na mafuta mazito. Mafuta baridi hayanyunyiziki vizuri: hubaki mabichi, huacha ukoko kwenye nozeli, hushikisha ringi za pistoni, na mengine huteleza kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili ya injini. Huko hayavukizi kama dizeli. Yanakaa, yanachanganyika, na siku moja oili inakuwa jeli. Badilisha oili kwa nusu ya kilomita za kawaida, na kila wiki vuta kijiti: oili iliyopanda juu ya alama bila wewe kuiongeza ni mafuta ya kukaangia.

Matambara ya kufutia yasirundikwe kwenye kona. Mafuta yanayokauka kwenye kitambaa hutoa joto, na rundo lenye joto linaweza kujiwasha lenyewe usiku. Yaanike moja moja nje, au yazamishe kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko.