Hata kidonge kimoja

"Dada wewe unasoma sana ila mama hujamnunulia hata kidonge kimoja." Idi huyo, Jumanne, kwenye grupu la familia, mashangazi wote wamo mpaka wa Tanga, na hakuna aliyesema kitu zaidi ya ma mdogo kuweka kikatuni cha kucheka. Wiki hii ofisini wamepunguza watu mi nimebaki, mtoto wa Halima kaolewa nimeenda nimecheza, lakini nikishika sufuria niioshe nasikia hiyo tu. Hata kidonge kimoja. Hivi nauli za kliniki huwa anatoa nani jamani?

Kisa ni vile vitamini C vya kutumbukiza kwenye glasi vikachemka, vya miligramu 1000, Idi kafowadi habari kwenye grupu kwamba vitamini C inasaidia kansa ya damu, kisha kamletea mama makopo matatu. Nia yake nzuri, sibishi. Ila mama mnajua yuko kwenye mailoma, kansa ya damu inayoanzia kwenye uboho wa mifupa, na sindano anayochomwa tumboni ni bortezomib, na daktari alishasema mapema vitamini C ya vidonge akae nayo mbali. Nikaandika hivyo kwa adabu kabisa, nikaongezea kwamba 2009 watafiti walijaribu kwa panya wakaona vitamini C inaing'ang'ania ile dawa ikashindwa kufanya kazi yake kwenye kansa. Ndo nikajibiwa hayo ya kusoma.

Na kinachonikera zaidi, ile habari aliyofowadi Idi si ya uongo! 2017 kweli Wamarekani walionyesha kwa panya kwamba vitamini C inasaidia kazi ya jeni moja inaitwa TET2, ambayo ikiharibika seli changa za damu zinaanza kuzaliana ovyo kuelekea leukemia, kansa nyingine ya damu. Na kule Copenhagen walijaribu kwa watu, wagonjwa 20 wa kansa za damu za aina hiyo waliokuwa kwenye dawa inaitwa azacitidine, wengine wakapewa miligramu 500 kwa siku wengine kidonge kitupu, majibu yakatoka 2019, vitamini kwenye damu ikapanda mpaka kawaida na kukawa na mabadiliko waliyoyatarajia kwenye DNA. Vizuri. Lakini hakuna aliyesema hapo nani kapona, na ni kansa nyingine na dawa nyingine, sasa Idi kasoma "kansa ya damu" na "vitamini C" basi kakimbilia duka la dawa. Linus Pauling mwenyewe, yule mwanasayansi wa Marekani, na Nobel zake mbili alishikilia kwamba inasaidia kansa, hospitali ya Mayo Clinic hukohuko Marekani wakawapa wagonjwa gramu 10 kwa siku za kumeza, 1979 hamna kitu, wakarudia 1985 hamna kitu. Hii yote niliiandika nikaifuta, ningeituma angesema si nilisema unasoma sana.

Jana nikapita kwa mama nimejiandaa na hotuba. Nikamkuta anachambua mchele barazani, kilemba kimemlalia upande, nikamuuliza vile vidonge vya Idi viko wapi.

"Vile vya soda? Nimempa Mama Zuhura, ana mafua."

"Vyote mama?"

"Sasa mi nikae navyo vya nini? Daktari alivyosema hakukuwa na masikio yako peke yako pale. Mnagombana weee, kuna aliyeniuliza?"

Nilicheka mpaka akaniambia nitamwaga mchele wake. Halafu yeye ndo akanigeuzia kibao, eti niulize kliniki kuhusu ubuyu, si nao una vitamini C, maana ubuyu ule wa Zanzibar haachi na hao wakiukataza watamwona mbaya. Tukakaa mpaka magharibi tunawasema watu wa harusini, nani kavaa nini, mama anakula vizuri siku hizi, kamaliza bakuli zima la mchuzi wa pweza, yaani nilirudi nyumbani naimba.

Idi sijamwambia. Mama kasema atamwambia mwenyewe akijisikia, na mi namjua, hatajisikia.

Ila sasa mwenye nyumba kapiga asubuhi, anataka kodi ya mwaka mzima badala ya miezi sita na bomba la jikoni bado linavuja, hivi mtu unaanzia wapi kubishana na mzee wa watu aliyetoka Hija juzi?