Watoto watatu ambao sensa haikuwaona

Babu wa babu yake mume wangu alikuwa mchimba makaa ya mawe kule Durham, kaskazini mwa Uingereza. Hakuacha barua wala picha wala nyumba, na mama mkwe alichokuwa anakijua ni kwamba mzee "alitokea kusini", basi. Mtu wa hali ya chini enzi zile haandikwi gazetini mpaka aue au auawe, ila karani wa sensa alikuwa anapita kila miaka 10 na kuandika kila aliyelala kwenye nyumba usiku ule, na huko ndo tumempata.

Kwa anayetaka kuanza, sensa ya kwanza ya England na Wales kuandika majina ya watu wote ni ya 1841, lakini hiyo ina mapengo, umri wa watu wazima wengi umeshushwa kwa makundi ya miaka mitano mitano na haisemi nani ni nani kwa nani. Utamu unaanza 1851, hapo unapata mkuu wa kaya, uhusiano, umri, kazi, na parokia mtu alipozaliwa. Alafu jina la ukoo usiling'ang'anie, wengi hawakujua kusoma na karani anaandika alivyosikia, mi natafuta kwa jina la mtoto, umri na mahali pa kuzaliwa, ukoo naacha wazi.

Kuhama kwao nimekusoma kwa watoto. 1881 wako Durham, mtoto mkubwa kazaliwa Cornwall, kule kusini-magharibi mwa Uingereza, wadogo wote Durham, kwa hiyo miaka ya kuhama ushaibana hapo katikati, na inaingia akilini maana migodi ya shaba ya Cornwall ilianguka miaka ya 1860 na wachimbaji wake wakatawanyika kila kona ya dunia. Nikarudi Cornwall 1871, namkuta kijana, mchimba shaba, anaishi kwa wakwe zake na mke na katoto ka kike ka mwaka mmoja. Kukaa ukweni kwake kumetusaidia sana maana jina la baba mkwe ndo jina la ukoo la mke kabla hajaolewa, hilo lishike, litarudi.

Sasa yule binti wa mwaka mmoja, 1881 alitakiwa awe na 11. Yupo binti mwenye jina lile lile, ila ana miaka mitano na kazaliwa Durham. Wengi wakiona hivi wanasema karani kakosea umri, kumbe ni mtoto mwingine kabisa, wa kwanza alifariki na mdogo wake akapewa jina lake, kitu cha kawaida sana enzi hizo.

1891 ndo sensa iliyonikera. Mwaka huo waliulizwa idadi ya vyumba kama havifiki vitano, na hii kaya ina viwili. Watu tisa, wawili kati yao wapangaji, wachimbaji pia. Mzee ana kazi, wapangaji wana kazi, kijana mkubwa ana kazi, afu mstari wa mke upande wa kazi ni mtupu! Wanaume wanne wanatoka shimoni weusi tii, hakuna mabafu mgodini, sasa nani alikuwa anachemsha maji, anafua, anapika na kukusanya hela ya wapangaji? Mkuu wa kaya my foot, ndo nilichosema mbele ya mama mkwe, akacheka.

Alafu ikaja 1911. Hii fomu kaya ilijaza yenyewe, kwa hiyo unaona mwandiko wa mzee mwenyewe, na walioolewa waliulizwa ndoa ina miaka mingapi, watoto waliozaliwa hai, walio hai bado, waliofariki. Kwenye watoto kaandika: waliozaliwa 11, walio hai 6, waliofariki 5. Watano! Kwenye sensa zote tulikuwa tumeona wawili tu wakipotea, yule binti na kijana mmoja wa 1891. Watatu walizaliwa na kufa katikati ya sensa na sensa, hakuna karani aliyewahi kuwaona.

Hapo ndo jina la ukoo la mke linarudi. Faharasa ya vizazi ya GRO (ofisi kuu ya usajili wa vizazi na vifo ya England na Wales), ile iliyoko kwenye tovuti yao yenyewe, inaonyesha ukoo wa mama tangu 1837, na ya vifo inaonyesha umri, na kutafuta ni bure ukishajisajili. Ukiweka koo zote mbili na wilaya wanatokea, mmoja Cornwall, wawili Durham, hakuna aliyefikisha miaka mitatu. Mama mkwe kaagiza vyeti vyao vyote watatu.

Kilichobaki ni kuwafuata wale sita. 1921 ipo wazi na inataja hadi jina la mwajiri, 1931 iliungua moto 1942, 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, kwa hiyo tunarukia rejista ya Septemba 1939, orodha ya watu iliyoandikwa vita ilipoanza, ambayo uzuri wake inatoa tarehe kamili ya kuzaliwa. Binti mdogo tushampata humo, mjane, anaishi na wapangaji wawili.